Walimwita mdogo wangu Ndorobo, nami nikacheka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 33. Nafanya uhasibu katika kampuni ya kusambaza vifaa vya ujenzi hapa Nairobi, na huu ni mwaka wangu wa saba pale. Naishi Zimmerman, sijaoa.

Ofisini wote wanajua mimi ni Mkipsigis. Siku ya kwanza mtu alisikia jina langu akasema, "Huyu ni Mkale," yaani Mkalenjin, nami nikaitikia kwa kichwa, basi likaisha. Ukweli ni kwamba mimi ni Muogiek, wa ile jamii ya msituni ya kuwinda na kurina asali. Kwetu ni Mau Mashariki, Kaunti ya Nakuru. Babu yangu alikuwa na mizinga ya magogo ya mtarakwa msituni, na baba bado anayo michache. Nilipokwenda shule ya bweni, wavulana walipojua mimi ni nani, jina langu likawa Ndorobo. Miaka minne, Shangazi. Kuna usiku nilikuta matawi ya miti yamepangwa juu ya godoro langu, na bweni zima limekaa macho likisubiri nione. Nilipokuja chuo Nairobi niliapa jina lile halitapanda basi moja na mimi. Hata karani wa sensa alipokuja 2019, mwenye nyumba alikuwa amesimama pale mlangoni, nikamwambia karani aniandike Kipsigis.

Januari mwaka huu mdogo wangu wa kike, ana miaka 22 na amesomea mauzo, alipata nafasi ya mafunzo ya miezi mitatu kwenye kampuni yetu. Barua yake ya maombi niliipeleka mimi. Majina yetu ya mwisho hayafanani, kama ilivyo kawaida kwetu, kwa hiyo walipouliza nikasema ni binti wa jirani kule nyumbani. Usiku wa kuamkia siku yake ya kwanza nilimwambia, "Wakikuuliza, sema tu Kalenjin." Hakunijibu. Alikuwa anapiga pasi blauzi.

Wiki ya pili, wakati wa chai ya saa nne, alileta kopo la asali aliyotumiwa na baba, ili wenzake wapake kwenye mkate. Asali ya kwetu huwa nyeupe nyeupe. Msimamizi wa mauzo akalishika kopo, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha, akauliza kama hayo ni mafuta ya kupikia. Mdogo wangu akasema ni asali ya Mau, baba yake ndiye aliyeirina. "Nyinyi ni watu gani huko?" "Sisi ni Waogiek." Alilisema vile mtu anavyotaja jina lake. Yule bwana akaangua kicheko. "Kumbe Ndorobo! Nani ametuletea Ndorobo ofisini?" Mwingine akamuuliza kama viatu alivyovaa ni vya kuazima. Halafu wakanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesema tunatoka sehemu moja: "Na wewe je, nawe ni wa mitini?"

Nikasema, "Hapana bwana, sisi ni Wakipsigis. Hao ni majirani zetu wa msituni tu." Na nikacheka.

Mdogo wangu alifunika kopo. Asali kidogo ilikuwa imechuruzika ubavuni, akaipangusa kwa kidole, akaenda kuketi. Jioni hiyo tulipanda matatu pamoja kama kawaida. Kila siku nilikuwa namlipia. Siku hiyo kondakta alipofika alitoa nauli yake mwenyewe, akaangalia dirishani mpaka tukashuka.

Mafunzo yalikwisha mwishoni mwa Machi. Walikuwa watatu, wawili wakapewa kazi, yeye hakupewa, ingawa msimamizi yule yule alishawahi kusema mbele yetu kwamba ndiye anayeuza kuliko wenzake. Mzee wa stoo, ambaye ni Mkipsigis halisi na amewahi kunisikia nikiongea na mama kwenye simu, alinivuta kando akaniambia alimsikia bwana yule kwenye korido akisema hawezi kuweka Ndorobo mbele ya wateja. Kisha akaniangalia kwa muda, akarudi kwenye kazi yake.

Mdogo wangu amehamia kwa rafiki yake Kayole. Nikipiga simu anajibu kwa neno moja moja. Kopo la asali lilibaki kwenye droo ya meza yangu; sijui alilisahau au aliniachia. Nina mkopo, msimamizi ni rafiki wa bosi wangu, na nyumbani wananitegemea. Nifanye nini? Niseme ukweli ofisini? Nishtaki? Au ninyamaze nimtafutie kazi kwingine? Mama hajui lolote.

Aliyejificha, Zimmerman

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nilisimama pale kwenye matatu. Binti wa miaka 22, mwanafunzi asiye na mshahara, anaingiza mkono mfukoni na kutoa nauli ili asidaiwe chochote na kaka yake. Umeuliza kuhusu ofisi, kuhusu mkopo, kuhusu mama. Kuhusu kumwomba msamaha mdogo wako hukuuliza. Nadhani ni kwa sababu hilo ndilo linalokuuma kuliko yote, kwa hiyo tutaanzia hapo.

Lakini kwanza nikuambie kitu kuhusu lile neno. Mimi nimelelewa Nairobi, Eastlands, na nimelitumia. Mtoto akija kucheza na shati limechanika tulimwita Ndorobo, na mzazi aliyesikia hakusema neno, pengine naye alicheka. Sikujua kama kuna watu hai, wenye majina na mashamba na makaburi ya wazee wao, waliokuwa wanaitwa hivyo usoni. Nilijua nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na aibu niliyopata siku ile sijaisahau. Kwa hiyo sikuandikii kama mtu aliyekaa juu ya mlima.

Neno lenyewe lilitoka kwa Wamaasai. Iltorobo waliwaita wale wasio na ng'ombe, wanaoishi kwa kuwinda na kurina asali, na kwa jamii ambayo ng'ombe ndiyo mali, asiye na ng'ombe alikuwa fukara. Wakoloni walilichukua vile vile wakaliandika kwenye majalada yao, Dorobo, kana kwamba ni jina la kabila. Na ukifungua kamusi ya Kiswahili utakuta ndorobo ni mbung'o, yule inzi wa malale. Hebu fikiria, mwanangu: watu wanaojiita Ogiek tangu enzi, sisi wengine wote tukakubaliana kuwaita kwa neno la umaskini ambalo pia ni la mdudu anayeleta ugonjwa. Halafu tunashangaa kwa nini kijana wao anaficha kabila lake mbele ya karani wa sensa.

Sasa angalia jambo hili la pili, maana ndilo lililonifanya nikuandikie kwa urefu. Wewe ulidhani kuna mahali pawili pa kusimama: kutukanwa kama Ndorobo, au kukaa salama kama Mkipsigis. Mimi naona ni njia moja. Ile Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoundwa 1932, inayojulikana zaidi kama Tume ya Carter, ilipotoa ripoti yake 1934 ilipendekeza watu wa msituni wahamishiwe kwenye hifadhi za makabila waliyofanana nayo zaidi. Maana yake, wamezwe. Ardhi yao haikuwa na haja ya kuandikwa kwa jina lao kwa sababu wao wenyewe wangekuwa watu wengine. Unaona hesabu ilivyopigwa? Kwanza mtu anadharauliwa mpaka jina lake linamchoma. Akishalificha, anaambiwa hayupo. Na asiyekuwepo hana msitu.

Hayo si maneno yangu ya barazani. Mwaka 2009 Waogiek wa Mau walipewa ilani ya siku 30 waondoke msituni. Kesi yao ilifika mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikatoa uamuzi dhidi ya serikali yetu. Watu wengi wanakumbuka habari ya ardhi tu. Wewe nataka ukumbuke sehemu nyingine: majaji walisema kwamba kukataa kuwatambua Waogiek kama kabila linalojitegemea, wakati makabila mengine yenye hali kama yao yametambuliwa, kulikuwa ubaguzi. Kule kule kuambiwa "nyinyi ni Wakalenjin tu, nyinyi ni Wamaasai tu", mahakama ililihesabu kuwa dhuluma, na ikaonyesha kwamba ndilo lililowafungia mlango wa ardhi yao. Serikali ilijitetea kwamba Waogiek wa leo si wale wa zamani, maisha yao yamebadilika. Mahakama haikukubali. Kwa hiyo usije ukadhani kwamba kwa sababu unavaa tai na kufunga hesabu za mwezi kwenye kompyuta, Uogiek umekutoka. Haujakutoka.

Tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyo hiyo iliamuru fidia: shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali, na shilingi 100,000,000 kwa machungu ya moyo. Nakuomba utazame hizo namba mbili zilivyopishana. Machungu yalipimwa kuwa makubwa kuliko mali, karibu mara mbili. Utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua, na Novemba 2023 familia za Sasimwani, upande wa Narok, zilibomolewa nyumba zao tena. Nakuambia haya ili usije ukafikiri nakutuma ofisini na karatasi ya mahakama ukidhani milango itafunguka yenyewe.

Na sensa. Mwaka 2009 Waogiek walihesabiwa 78,691. Mwaka 2019 walikuwa 52,596. Sitasema wote waliopungua walifanya ulivyofanya wewe. Kuna mengi huingia katika hesabu kama hiyo. Lakini mmoja wao namjua, alisimama mlangoni Zimmerman, mwenye nyumba akisikiliza. Sikulaumu kwa hilo. Aliyepangiwa matawi kitandani akiwa mtoto ana haki ya kuogopa, na katika mji huu ambapo watu huuliza kabila lako kabla hawajajua unafanya kazi gani, hakuna aliye na deni la kumwambia kila mtu anakotoka. Ungenyamaza maisha yako yote ofisini pale, nisingekuwa na neno nawe.

Ila siku ile hukunyamaza. Ulifungua kinywa ukasema "hao". Mdogo wako akiwa ameketi hatua mbili kutoka ulipo, na asali ya baba yenu mezani.

Kwa hiyo kwa mdogo wako uende wewe mwenyewe, usitume ujumbe wala usimtumie mama. Ukifika usianze na habari za shule ya bweni. Najua zinakuuma, na siku moja atataka kuzisikia, pengine ndiye mtu pekee atakayezielewa bila kufafanuliwa. Lakini ukizitanguliza utakuwa unamwomba akuhurumie kabla hujamwambia ulichomfanyia. Sema kosa kwanza, kwa jina lake: "Nilikukana mbele ya watu, na nikacheka." Halafu nyamaza. Akilia, mwache alie, akikasirika, usijitetee. Usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo ili wewe ulale vizuri. Na ile amri uliyompa usiku ule akipiga pasi, "sema tu Kalenjin", iondoe pia. Mwambie alikuwa sahihi kusema alivyosema. Huyu mtoto ana kitu ambacho wewe ulinyang'anywa bwenini, na ulikaribia kumnyang'anya na yeye.

Kuhusu mama, muulize mdogo wako kama anataka ajue. Jeraha ni lake.

Sasa ofisi. Watakuambia ulikuwa utani, jitayarishe. Sisi Waswahili utani tunaujua, tuna watani wetu na tunataniana hata msibani. Lakini mtani humtania anayeweza kumjibu, na kesho zamu hugeuka. Mjaluo na Mluhya wakitaniana ofisini pale kuhusu omena na kuku, kila mmoja ana jeshi lake mezani na wote wanarudi kazini na vyeo vyao. Mwanafunzi wa mafunzo, mwezi wa kwanza, peke yake wa kabila lake kadiri wenzake wanavyojua, anamjibu vipi mtu mwenye kalamu ya kumwajiri? Na mzaha ule ukatembea kutoka meza ya chai hadi kwenye korido, ukafika kwenye orodha ya walioajiriwa. Hapo hata aliyekuwa radhi kuuita utani hana pa kushika.

Sheria iko upande wenu kuliko unavyodhani. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa kabila lake au asili yake, na inamlinda hata yule anayeomba kazi. Tena kesi ikifika mbele ya mahakama, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Mdogo wako hatalazimika kufungua kichwa cha yule bwana kuonyesha alichokuwa anafikiri. Kampuni ndiyo itakayoeleza kwa nini muuzaji bora aliachwa. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, kifungu cha 6, inakataza kumsumbua mtu kwa sababu ya kabila kwa njia inayomvunjia heshima. Na Katiba, ibara ya 27, inapokataza ubaguzi haimwambii serikali peke yake. Inamwambia kila mtu, hata msimamizi wa mauzo.

Fanya hivi. Leo usiku, kabla kumbukumbu haijaanza kujitetea, andika kila kitu: tarehe, saa, waliokuwa mezani, maneno yaliyosemwa na nani aliyasema. Andika na yako, usiyaruke. Mwambie mdogo wako aandike yake mwenyewe kivyake, msikae pamoja mkalinganisha. Atafute pia karatasi zozote za mauzo yake ya miezi ile mitatu, au ujumbe wa simu ambao msimamizi alimsifu.

Kisha nenda kwa mzee wa stoo. Huyu mzee amenikaa moyoni. Ni Mkipsigis, angeweza kupita zake, lakini alikuvuta kando akakuambia alichosikia, akijua wewe ni nani na akijua umekuwa ukilivaa kabila lake miaka saba. Vile alivyokuangalia, mimi nafikiri alikuwa anakupa nafasi. Mkute wakati stoo imetulia, umwambie, "Mzee, yule ni dada yangu." Umuulize kama angekubali kuandika na kutia sahihi alichokisikia. Akisema hawezi kwa sababu ya kazi yake, mshukuru na umwache, naye ana nyumba ya kulisha. Hata hivyo utakuwa umeshalisema kwa mtu mmoja ndani ya jengo lile.

Halafu kuna mambo mawili ambayo usiyachanganye. Kazi aliyonyimwa ni kesi ya mdogo wako. Akitaka kuandika malalamiko, msindikize. Akisema hataki kuliona tena lile jengo, usiandike kwa jina lake ili utulize dhamiri yako. Lakini tusi lile lilikuwa lako pia. Hata akikataa yeye, wewe unaweza kuandika yako. Iwe barua fupi kwa mkuu wa wafanyakazi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ianze hivi: "Mimi ni Muogiek. Tarehe fulani, mbele yangu, jamii yangu ilitukanwa, na dada yangu wa tumbo moja alikuwa miongoni mwa waliotukanwa. Nami nilishiriki kwa kucheka, jambo ninalolijutia." Weka hiyo sentensi ya mwisho. Wataitumia dhidi yako wasipoikuta, na ukiiweka mwenyewe hawana cha kukufichulia.

Wakikaa kimya, au wakianza kukuhamisha hamisha, Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano iko hapa hapa Nairobi na hupokea malalamiko ya namna hii. Inaweza kuwaita pande zote kuwapatanisha. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu vile vile. Kwa ile kazi, njia ya mwisho ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na hapo mdogo wako atafute wakili mapema, asingoje mwaka upite. Kuyatangaza mitandaoni na jina la kampuni, hapana, si sasa. Hasira itapanda siku mbili, wewe utashtakiwa kwa kumchafulia mtu jina, na binti atakuwa picha kwenye simu za watu asiowajua, wakimwita lile lile neno kwa maelfu.

Mkopo wako nimeuona, siupuuzi. Inawezekana ukaonekana mbaya, ukakosa kupandishwa, meza ikawa baridi wakati wa chai. Usiache kazi kwa hasira. Anza kimya kimya kutafuta kwingine huku barua yako ikiwa imepokelewa, ili ukiondoka uondoke kwa hiari yako. Wazo la kunyamaza na kumtafutia mdogo wako kazi mahali pengine silikubali. Atafika huko, mtu atamuuliza nyinyi ni watu gani, naye atajibu vile vile kwa sababu ndivyo alivyo, na safari hiyo atakuwa anajua kwamba hata nyumbani hana wa kusimama naye.

Nyumbani kwenu kuna wazee waliosafiri hadi Arusha kwa sababu ya jina hilo unaloogopa kulitaja kwa mkuu wa wafanyakazi. Ukienda likizo, mtafute mmoja wao, ukae naye, umwache azungumze. Sikupi hili kama adhabu. Ulikulia katikati yao lakini nahisi tangu bwenini umekuwa ukiwasikiliza kwa sikio moja.

Na lile kopo. Limekaa kwenye droo tangu Januari, asali itakuwa imeganda, lakini haijaharibika. Jumamosi mpigie mdogo wako simu umwambie kesho yake unakuja Kayole, usiulize kama anataka. Lichukue kopo vile lilivyo, usilifungue, usilihamishie kwenye chombo kizuri zaidi. Akikuuliza umefuata nini, mwambie umerudisha asali ya baba. Akikuruhusu kuingia, mwombe maji ya vuguvugu mliweke humo mpaka ilainike.